Pazia Jeupe Katika Injini ya Gari la Harusi

Nitawasimulia, ila naomba mcheke polepole, maana aliyeaibika ndiye huyu huyu mnayemtazama, na hadi leo nikitoka Kapata kwenda mjini Kolwezi, nikifika pale kwenye kimlima kabla ya kuingia barabara ya lami, nashusha kofia na kujifanya natazama upande wa pili, kwa sababu akina mama wanaouza mihogo ya kuchoma pale wananijua, na hawanijui kwa jina langu la Ilunga wala kwa kazi yangu ya ufundi wa magari, wananijua kwa jambo lile moja tu. Mimi niliyeshusha injini za malori katikati ya pori la Kisenge na kuzipandisha tena zikanguruma, niliangushwa na kitambaa. Tena kitambaa nilichokifunga kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, bila kushauriwa na mtu.

Mambo yalianza na harusi ya Nadine. Nadine ni mdogo wa mwisho wa mke wangu Odette, na alikuwa anaolewa na Serge, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mtaratibu ambaye hata akikanyagwa mguu yeye ndiye anaomba radhi. Ilipangwa kwamba bibi harusi atatokea nyumbani kwetu Kapata, kwenye zile nyumba za kampuni za zamani zilizopangwa mstari (yetu ina vyumba viwili na ua mdogo, basi), na mama yao, Mama Kahilu, akaja kutoka Dilolo wiki ile na mizigo yake, akafikia kwetu. Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kwenda mbio, hata kabla ya gari kuingia katika hadithi.

Maana kwetu, mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humtazami machoni, huli naye sahani moja, humpokei kitu mkononi, na nguo zake ni mwiko hata kuzipita karibu. Akitaka kusema neno na mimi analipitisha kwa Odette, anasema, "Ambia bwana yako chakula iko tayari," na mimi nimekaa palepale mlangoni nasikia kila kitu, namjibu Odette, "Ambia mama nimeshukuru," na Odette (ambaye hajawahi kuwa na subira na mambo haya) anaendelea tu kumenya viazi. Katika nyumba kubwa mnaweza kuishi hivyo vizuri kabisa. Katika nyumba ya Kapata, kila ukigeuka unakutana na mkwe, kwa hiyo wiki ile nilikuwa nakula nje, naoga alfajiri, na nikiingia uani nakohoa kwanza.

Na kuna la ziada ambalo lazima niliseme ili mnielewe. Mama Kahilu hakunitaka tangu mwanzo. Alitaka Odette aolewe na mtu wa ofisi, mwenye shati linalobaki jeupe mpaka jioni, na siku ya posa alisema mbele ya wazee wote kwamba mtu wa grisi atamchafulia mtoto wake mashuka. Neno lile sikulisahau. Miaka yote nilikuwa natafuta siku moja, moja tu, ya kumwonyesha kwamba binti yake hakupotea, na harusi hii nikaiona ndiyo siku yenyewe.

Ndiyo maana nilikwenda kwa Tata, yaani Mzee, Ramazani. Huyu ni msafirishaji, familia yao ni Waislamu waliotoka Kasongo zamani, malori yake yanapanda Kisenge na Dilolo na mimi ndiye ninayeyatengeneza. Lakini kando ya malori anacho kipenzi chake: gari la mashindano, la njano, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba kuku akitaka kupita chini yake lazima ainame. Hulitoa siku za sikukuu tu. Nilimwomba niendeshe bibi harusi nalo, hakusita, akanipa funguo, akasema ni zawadi yake kwa shemeji yangu. Kisha akanishika bega. "Lakini vumbi, fundi," akasema. "Usinirudishie motoka na vumbi ndani ya moteri."

Angesema neno lingine lolote, leo nisingekuwa na mkasa. Vumbi la kwetu mnalijua: jekundu, laini kama unga, linaingia kwenye sanduku lililofungwa, linaingia kwenye yai kama lina ufa. Na sisi mafundi wa huku tuna dawa yetu, si ya kwenye kitabu lakini inafanya kazi: gari likienda njia ya machimbo, unalivisha chujio la hewa kitambaa chepesi, hasa soksi ndefu ya nailoni ya kike, vumbi linabaki kwenye kitambaa, jioni unakikung'uta, kesho unakivisha tena. Malori yote ya Tata Ramazani yalikuwa yanavaa soksi. Soksi za nani? Za Odette, mpaka akaapa kwamba nikigusa nyingine nitalala gereji.

Basi asubuhi ya harusi, gari limeshaoshwa linameta, limefungwa maua na utepe, mimi suti tayari, nikakumbuka vumbi. Wanawake wote walikuwa ndani na Nadine, kusuka na kupaka na kucheka, huwezi kuingia kuuliza kitambaa. Nikazunguka uani. Kwenye kamba, mwisho kabisa, karibu na dirisha la jikoni, pameanikwa kitu cheupe, chepesi, cha nailoni, kina maua ya lesi pembeni. Nikasema moyoni, ahaa, lile pazia la zamani la jikoni. (Sisi tunaita rido, na kweli tulikuwa nalo jeupe lenye lesi, Odette alilitoa mwaka ule tulipopaka rangi.) Nikalivuta kambani. Lilikuwa limeshakauka.

Sasa hapa fundi wa kweli angefikiri kidogo. Lori linavuta hewa juu, kwenye bomba lililosimama kama shingo ya mbuni. Gari lile linavuta hewa chini, nyuma ya bampa ya mbele, chujio lake liko wazi, shibiri chache tu kutoka barabarani. Sikufikiri. Nilizungusha pazia langu mara mbili, mara tatu, nikakaza kwa utepe wa mpira wa tairi la ndani, nikajipongeza. Nilipokuwa nanawa mikono nilisikia ndani wanawake wanavurugana, masanduku yanafunguliwa, mtu anauliza nani amekiona, wapi, kimewekwa wapi, lakini mambo ya chumba cha wanawake mwanaume hayaulizi, nikaenda zangu kuwasha injini. Iliimba vizuri sana.

Tukapanga msafara. Odette na akina mama wa kwaya ya kanisani walipanda basi dogo, wakae nyuma yetu wakiimba. Mimi na Nadine gari la njano. Na pale nilipotaka kufunga mlango, akatokea Mama Kahilu, gauni lake jeupe jipya la kitambaa chepesi, kilemba kimesimama, mikono ameishikilia mbele ya mapaja na kijishali cha kuficha, akasema (kwa Odette, si kwangu) kwamba mtoto wa mwisho hapelekwi na mtu mwingine, anapelekwa na mama yake. Gari lile lina kiti cha nyuma ambacho ni kiti kwa jina tu. Aliingia humo akakaa magoti yamefika kifuani. Mama mkwe wangu, nyuma ya kisogo changu, ndani ya gari dogo kuliko yote mkoani Lualaba. Nilishika kile kioo cha kutazamia nyuma nikakigeuza kikatazama paa, ili macho yetu yasije yakakutana, na ndivyo nilivyoendesha, sioni nyuma, jasho linanitiririka mgongoni.

Tukatoka Kapata polepole, honi, vigelegele, majirani wamesimama mistari yote. Nyuma yangu Mama Kahilu alikuwa analalamika kwa Nadine kwa sauti ya chini, na mimi natazama mbele kama sina masikio. Shimizi yake imepotea. Ile ya maua, aliyoinunua ng'ambo ya mpaka, Luau, alipomwoza Odette, akaitunza kwenye karatasi miaka yote, akaifua jana aivae leo chini ya hili gauni. "Nilianika mwenyewe," alisema, "na sasa haiko. Na hii robe, jua ikipiga, bantu banaona miguu yote." Nadine akambembeleza, akamwambia akae ndani ya gari, pale komini (ofisi ya serikali wanakoandikisha ndoa) ataruka moja kwa moja kivulini, hakuna atakayeona. Mimi kimoyomoyo nikasikitika sana. Nikasema, Kapata imeharibika kweli, wezi hawaoni haya hata nguo ya mama mzee kambani. Wallahi, nilimwombea mwizi yule mabaya.

Kabla ya kimlima tukakutana na lori la maji. Siku hizi njia inayopitwa na malori ya madini wanaimwagilia asubuhi ili vumbi litulie, na lile lilikuwa limejaa, linanyunyiza kushoto na kulia, mbele yetu barabara imekuwa uji mwekundu. Nikafunga vioo, nikapita ubavuni mwake, maji yakatupiga mbele kwa nguvu, Nadine akacheka, akina mama kwenye basi wakaongeza wimbo. Kisha injini ikakohoa. Nikaongeza mafuta, ikakohoa tena, ikavuta kama mtu mwenye pumu, moshi mweusi nyuma, tukapanda nusu ya kimlima, ikazima.

Wimbo wa basi ukakatika katikati ya haleluya.

Nikawasha. Ikashika kidogo, ikafa. Nikawasha tena, ikashika, ikafa. Nikatabasamu, nikamwambia Nadine, dakika mbili tu. Tafadhali likumbukeni hilo neno la dakika mbili, maana nililisema mara nyingi mpaka likaisha ladha.

Odette alishuka basini akaja na simu sikioni. Alikuwa ni Serge, yuko komini tangu asubuhi, anasema afisa wa kuandikisha ndoa ana sherehe nyingine mbali, anaondoka kabla ya saa sita, na akiondoka leo haandikishi mtu mpaka wiki ijayo. Wageni wamekuja kutoka Dilolo, chakula kimepikwa, mchungaji anasubiri cheti ndipo abariki. Odette akanong'ona, kwa nini tusiwahamishie Nadine na mama kwenye basi tukaenda? Swali la mtu mwenye akili. Na mimi, mbele ya mama mkwe anayesikia kila neno, nikamjibu kwamba bibi harusi haingii komini na basi la kwaya wakati fundi yupo. Nadine akasema yeye yuko tayari kuhama, ila mama hawezi kushuka hapa, na yeye hamwachi mama. Kweli, jua lilikuwa limeshakuwa kali, na upande ule wa barabara walishajaa watu: wauza mihogo, waendesha pikipiki, na kundi la vijana wachimbaji wanaotoka machimboni, nywele zao zina rangi ya udongo, wamekuja kutazama gari la njano.

Nikafungua boneti. Na mbele ya umati fundi hawezi kusema sijui, basi nikaanza kusema ninayoyajua. Kwanza nikatangaza ni mafuta. Nilijaza tangi kwa kijana wa mtaani anayeuza mafuta kwenye bidoni, yaani madumu, nikasema kwa sauti kwamba ametuuzia mafuta yenye maji, na akina mama wa kwaya wakaapa pale pale kwamba wakirudi watamfuata (masikini, mafuta yake yalikuwa safi kabisa). Nikachomoa mpira, nikayamimina kidogo kwenye chupa, nikayainua juani: hayana tone la maji. Nikasema basi ni umeme, lori la maji limelowesha waya. Nikavua koti la suti, nikafuta waya zote, koili, vichwa vya plagi, shati nalo likawa tambara. Nikawasha. Ikashika, ikafa. Nikasema basi ni kapteri, yaani kile kijidude kinachopeleka habari kwenye kompyuta ya gari, nikakichomoa nikakipuliza nikakirudisha, nikawasha, ikafa bila hata kukohoa.

Simu ikalia, nikaona jina la Tata Ramazani. Nilipokea nikasema kila kitu kiko sawa, tunakaribia komini, na wachimbaji waliosimama kando yangu wakaangua kicheko, Tata Ramazani akauliza ni nani hao wanaocheka hivyo, nikamwambia ni furaha ya harusi.

Vijana wale, kwa wema wao, wakasema wasukume. Gari la namna ile kulisukuma ni kujisumbua, nilijua, lakini nilishafika mahali ambapo mtu anakubali lolote. Wakapanga mikono nyuma, na nyuma hapo kwenye kioo ndipo palipokuwa kisogo cha Mama Kahilu, amekaa magoti kifuani, kilemba kimebanwa na paa, anasukumwa na vijana kumi na kitu wanaoimba wimbo wa machimboni wenye maneno ambayo mama wa kanisa hapaswi kuyasikia. Tukafika juu ya kimlima, tukateremka upande wa pili, nikaachia klachi, ikashika. Umati ukapiga mbinja. Ikafa. Umati ukasema aaah.

Serge akapiga tena. Odette hakuniambia alichosema, alinitazama tu, na katika macho yake niliona siku ya posa imerudi: mtu wa grisi. Mama Kahilu alikuwa amejifunika kijishali chake, anatazama mbele, na Nadine alikuwa amemshika mkono, machozi yanamharibia poda, kwa sababu alikuwa anaona ndoa yake inaondoka na afisa.

Nikajiambia, Ilunga, acha kusema, fanya kazi. Nikatoa plagi moja. Nyeusi ti, imelowa mafuta. Nikaitazama, ikanitazama. Plagi ikiwa hivyo haina maneno mengi: moto upo, mafuta yapo, hewa hakuna. Injini inanyimwa pumzi. Hewa inapita wapi? Nikaufuata ule mpira mnene kwa mkono, nikashuka nao, nikainama, nikapenyeza mkono nyuma ya bampa, vidole vikazama kwenye kitu laini, kilicholowa, kimejaa tope. Pazia langu. Ee Mungu, ndilo lililokunywa maji yote ya lile lori pamoja na udongo wake, likawa udongo wa mfinyanzi.

Furaha yangu ilidumu kadiri ya kupepesa jicho. Maana akina mama wawili wa kwaya walikuwa wamesogea dirishani kumliwaza Mama Kahilu, naye alikuwa anawaelezea tena habari ya ile shimizi yake, nailoni safi, nyeupe, hawaitengenezi tena, ina maua pembeni, maua madogo, na kila ua lina tundu katikati. Na kidole changu, huko chini gizani, kilikuwa kimeingia kwenye tundu katikati ya ua.

Pazia letu la jikoni, nikakumbuka sasa (sasa!), Odette alilikata zamani akalifanya vitambaa vya kufutia vyombo.

Naomba mnielewe nilivyokuwa. Nimeinama mbele ya gari, mkono mzima umeshika nguo ya ndani ya mama mkwe wangu. Nikiitoa, umati mzima utaiona, na yeye ataiona mkononi mwangu. Nisipoitoa, Nadine haolewi. Niliwaza kuipasua vipande vipande humo humo, lakini nailoni ya zamani haipasuki. Niliwaza kuzimia. Mwisho nikawaza kitu kibaya kuliko vyote, nikakisema: niliinua kichwa nikawaambia watu warudi nyuma, wote, mbali kabisa, gari lina hatari. Nilitaka tu wanipe nafasi ya kuichomoa na kuificha chini ya koti.

Mmoja wa wachimbaji alikuwa ameona moto machimboni, na watu wa namna hiyo huwaambii hatari mara mbili. Akasema inalipuka. Neno likapita kwenye umati, mihogo ikamwagika, pikipiki zikatimka, Nadine akatoka mlangoni na shela yake yote, akarudi akamvuta mama yake, akamvuta, na Mama Kahilu akatoka katika kile kiti cha mateso miguu kwanza, kijishali kikabaki ndani, akasimama katikati ya barabara ya Kapata, juani, ndani ya lile gauni. Alichokiogopa asubuhi nzima kikatimia, na aliyekitimiza ni mimi.

Akina mama wa kwaya, na hili nitawasifu mpaka nife, hawakusubiri kuambiwa. Kila mmoja alifungua kitenge chake cha juu akakimbia nacho, wakamzunguka, wakamfunga vitenge vitano vya rangi tano. Na mimi wakati wote ule nilikuwa navuta, maana nilikuwa nimeshaanza kuvuta, mkono ulikuwa hauna breki tena, na ile nguo ikawa inatoka, inatoka, ndefu kuliko nilivyoifunga, nyekundu ya tope, ikachuruzika juu ya viatu vyangu, na mwishoni kabisa, pale mpira ulipobana na tope halikufika, mkanda mmoja wa lesi, mweupe, na maua yake.

Hakuna aliyecheka. Odette aliitazama ile nguo, akanitazama mimi, akafunika mdomo kwa mikono miwili. Na Mama Kahilu, kati ya vitenge vyake, akanitazama machoni. Sikuweza kugeuka. Tangu nimwoe binti yake, ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake. Ni ya Odette kabisa, sikuwa nalijua hilo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na shimo lijazwe juu yangu.

"Tata Ilunga," akasema. Si kwa Odette. Kwangu. "Sasa ile moteri itawaka?"

"Itawaka, mama."

"Basi washa. Mutoto anachelewa."

Nikalikung'uta chujio, nikarudisha plagi, nikawasha, na lile gari likanguruma kama halijawahi kuugua. Tulifika komini afisa ameshafunga mlango, yuko ngazini na mfuko wake, Serge amesimama mbele yake hampishi (Serge yule yule anayeomba radhi akikanyagwa), amenyoosha mikono, anasema hapana tata, hapana. Afisa akamwona Nadine na poda yake iliyochuruzika, akamwona mama mzee ndani ya vitenge vitano, akaniona mimi na tope mpaka kwenye meno. Akarudi ndani. Wakaandikishwa. Katikati ya kiapo Tata Ramazani akapiga simu, nikatoka nje kupokea, akauliza habari ya vumbi, nikamwambia ukweli mtupu, kwamba ndani ya injini yake hamna vumbi hata kidogo.

Jioni wazee wa Dilolo wakakaa kunihukumu, nami nikakiri, Mama Kahilu akisikia, kwamba nilidhani ni rido tu la jikoni. Walijaribu kukunja nyuso, lakini mmoja alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa kofia. Hukumu ikawa kuku mweupe wa kuosha aibu, na shimizi mpya, ambayo nitaitafuta mimi mwenyewe kwa mkono wangu, Odette haruhusiwi kunisaidia. Nilitembea soko zima la Kolwezi. Mama mmoja muuzaji aliniuliza ni ya nani, na kiuno chake kikoje, nikamjibu ni ya mama mkwe na kiuno chake sijawahi kukitazama, akawaita wenzake waje wanisikilize.

Kitambaa kwenye chujio nimeacha. Vumbi na liingie, injini nitaiosha, ndiyo kazi yangu. Na chochote kilichoko kambani kwangu, hata kiwe tambara la deki, sikigusi kabla sijauliza mwenyewe ni nani.

Mama Kahilu bado anakuja kila mwaka kutoka Dilolo, na tumerudi kwenye desturi yetu, hanitazami simtazami, na neno linapitia kwa Odette. Hajawahi kuitaja tena ile habari ya mashuka. Ila siku ya kwanza akishafua, anatoka uani, anaanika ile shimizi mpya mwisho wa kamba, karibu na dirisha la jikoni, polepole, anainyoosha maua yake moja moja, na mimi nimekaa palepale mlangoni na chai yangu. Kisha anamwita binti yake.

"Odette. Ambia bwana yako, ile haiko rido."